Mwamba Walioutia Jina la Shetani

Somo: Kutoka 17:1–7



Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za safari tuliyoifanya Januari 2023, pamoja na vijana tisa na wazee wawili wa Kanisa, hata tukaifikia nchi ya mawe meusi katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ng'ambo ya mpaka, katika Kenya. Hatuielezi kwa kuwa safari yenyewe ilikuwa kubwa, maana wengi wenu mmesafiri mbali kuliko hapo. Twaieleza kwa sababu tuliondoka nyumbani tukiwa na deni, na katikati ya mawe yale tukadaiwa.

Wale msioijua Same, jueni kwamba mji wetu upo tambarare, chini ya milima ya Upare, upande usiopata mvua nyingi. Mawingu yatokayo baharini huanza kuuangukia mlima Shengena, wenye urefu wa meta 2,462, na msitu wa Chome, na yakivuka kutujia sisi huwa yamekwisha kumwaga mzigo wao. Nyuma yetu iko Hifadhi ya Mkomazi, nchi kavu ya vichaka na mibuyu, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wazee wetu waukumbuka mwaka 1988, wafugaji walipoondolewa humo na ng'ombe wao. Lakini hayo yana siku yake. Mpaka wa kaskazini wa Mkomazi ndio mpaka wa nchi mbili. Ng'ambo yake ni Tsavo, na tembo hupita kwenda na kurudi pasipo kuulizwa hati na mtu awaye yote. Sisi tuliulizwa.

Tena milima yetu ya Upare si milima ya moto. Mawe yake ni ya kale sana, yaliyokandamizwa chini ya nchi zamani za mbali, kisha yakainuliwa. Vijana wetu humwona Kilimanjaro asubuhi kukiwa kweupe, nao wamesoma shuleni kwamba ni mlima uliotoka motoni, walakini jiwe jipya la moto hawakuwahi kulishika kwa mkono. Mwalimu mmoja wa vijana alitamani walishike, akachangisha fedha mwaka mzima. Basi safari ilikuwa imekwisha kupangwa kabla ya jambo lile la aibu kutokea kwetu, ambalo sasa imetupasa kulisimulia.

Vuli ya mwaka 2022 ilitukosa. Mahindi yalichipuka yakafika gotini, yakasimama, yakageuka rangi. Mmoja wa mitaa ya usharika wetu uko miguuni pa mlima, nao hunyweshea mashamba kwa ndiva. Ndugu wa nchi nyingine wasioijua ndiva, ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo babu zetu Wapare walilibuni. Usiku kijito hulijaza. Kukipambazuka huzibuliwa, maji yakaenda kwa mfereji hata mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Katika mwaka wa mvua zamu ni jambo la adabu tu. Katika mwaka wa jua, zamu ni uhai.

Katika mtaa ule yuko mzee mmoja, mgane, aliyewahi kuwa mpiga kengele wa kanisa. Babu yake, kabla ya Injili, alikuwa mtu wa kuomba mvua, naye alikuwa na vyombo vya kazi hiyo. Vyombo hivyo vilikwisha kupotea kabla huyu mzee hajazaliwa. Walakini mwezi wa Novemba neno lilianza kutembea, kwanza kwenye mfereji, kisha dukani, kisha, Bwana atusamehe, mlangoni pa kanisa baada ya ibada: kwamba mzee yule amefunga mvua. Mmoja akasema alimwona akizika kitu nyuma ya nyumba. (Alikuwa amezika mbwa wake.) Mwingine akaleta methali, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Zamu yake ya maji ikarukwa mara moja, ikarukwa mara ya pili, kisha haikutajwa tena. Usiku mmoja mawe yakarushwa juu ya bati la nyumba yake. Tangu siku ile hakuonekana tena kanisani.

Na sisi tunaoandika haya, tuliokabidhiwa kundi lile, tulifanya nini? Tuliambiwa na watu wenye mvi, “Mchungaji, usijitie humo, mambo ya mvua ni mambo ya ukoo.” Nasi tukaliona shauri hilo kuwa la hekima, kwa sababu lilikuwa jepesi. Jumapili tatu tulipanda mimbarani. Tulihubiri juu ya Majilio. Tuliomba mvua. Mzee hatukumtaja, wala hatukwenda kwake.

Basi tukasafiri. Tulipita Mwanga na Himo, tukavuka Holili, tukaingia Taveta. Toka Taveta njia huelekea mashariki katika nchi tambarare, nako kando kiko kilima cha Salaita, ambapo Februari 1916 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana, na vijana wa Kiafrika wakafa katika ugomvi usio wao. Tuliwaonyesha vijana kilima, wakatazama kwa adabu, kisha wakarudi kutafuta tembo.

Tembo tuliwaona, na mizoga pia tuliiona. Serikali ya Kenya ilitangaza Novemba 2022 kwamba tembo 205 walikufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba mwaka ule. Ngozi zao zilikuwa zimelala juu ya mifupa kama mahema yaliyoangushwa. Askari wa hifadhi aliyetuongoza, mtu wa makamo, mpole wa maneno, akatueleza kwamba msimu huu ni wa tano wa mvua kukosa mfululizo, toka Kenya mpaka kusini mwa Ethiopia na Somalia yote. Mwalimu wetu wa vijana akaongeza alilolisoma, kwamba maji ya bahari kuu ya Pasifiki yamekuwa baridi kupita desturi kwa miaka mitatu, jambo ambalo wataalamu huliita La Niña, na bahari ile ikiwa hivyo, pepo ziletazo vuli kwetu hudhoofika. Hapo tukawatazama wale wazee wawili wa Kanisa, nao wakatazama nje ya dirisha. Maana mzee wetu kule nyumbani hana hata baiskeli. Je, ameifunga mvua ya Somalia?

Hata alasiri tukafika kwenye mawe.

Ndugu, ni vigumu kuyaeleza. Mtu hupita katika nchi ya udongo mwekundu na miiba, kisha ghafula nchi yote mbele yake ni nyeusi. Ni mawe yaliyoyeyuka kwa moto yakatiririka kama uji, ndiyo yaitwayo lava, kisha yakaganda yalipokuwa, yakabaki na mikunjo na mawimbi yake. Husemwa kwamba mtiririko ule una urefu wa kama kilometa 8, upana wa kilometa moja na nusu hivi, na unene wa meta 5. Ulitoka katika vilima vya Chyulu, vilivyo vichanga kabisa kwa hesabu ya milima. Wataalamu, wakiyategemea masimulizi ya wenyeji, hukadiria kwamba moto wa mwisho uliwaka huko kama mwaka 1855. Basi babu wa babu zetu walikuwa hai. Mawe yale ni makali. Kijana mmoja aliyevaa ndala alikata kidole hatua ya tatu, akakaa garini siku yote akitulaumu. Hewa juu yake yatetemeka kwa joto. Hakuna ndege aliyelia.

Mahali pale huitwa Shetani. Ndilo jina lake katika ramani, na juu ya kibao. Askari akatueleza kwamba wenyeji wa zamani zile walipoona nchi inapasuka usiku na moto unatembea ardhini, walidhani ni Shetani mwenyewe atokaye kuzimu. Husimuliwa kwamba watu na mifugo walifunikwa humo, na kwamba usiku vilio vyao husikika, na watu walileta vyakula ili kuwatuliza.

Vijana wakanyamaza. Ndipo binti mmoja, aliyepata kipaimara mwaka uliotangulia, akauliza, “Baba Mchungaji, jiwe lenyewe lilifanya nini?”

Askari akajibu kabla yetu, “Liliwatisha.”

“Basi hilo tu?”

“Hilo tu,” akasema. “Kesho mtaona lifanyalo.”

Asubuhi yake akatupeleka Mzima. Hapo ndipo tulipodaiwa lile deni. Katikati ya nchi ile iliyokufa kwa kiu, chini ya ukingo wa mawe yale yale meusi, maji yatoka. Hayatoki kwa matone, hububujika mto mzima mara moja, meupe kama kioo, hata samaki huonekana kana kwamba wamening'inia hewani. Viboko wamelala humo, na mamba, na kando yake miti mikubwa ya kijani imeinamia maji. Kipo chumba cha chuma kilichotumbukizwa nusu majini, mtu hushuka akawatazama samaki uso kwa uso. Vijana walishuka kwa zamu, na hakuna aliyerukwa. Maji yale hutoka kwenda mto Tsavo, na katika miaka ya 1950 bomba lilijengwa kuyapeleka Mombasa, nayo yanywewa huko hata leo.

Tukauliza yatoka wapi, katika mwaka kama huu. Askari akanyosha mkono kuelekea Chyulu, kiasi cha kilometa 50 toka pale. Vilima vile hufika meta 2,188 kwenda juu, hupata ukungu na mvua, walakini juu yake hakuna mto wala kijito hata kimoja. Mawe yake ya moto yana matundu matundu kama mkate ulioumuka. Mvua ikianguka juu yake haikai, hushuka yote ndani. Humo gizani hutembea polepole miaka mingi, ikichujwa, mpaka ikakutana na mwamba usiopenyeka, ikasukumwa nje pale Mzima. Maji tuliyoyaona siku ile hayakuwa ya vuli ile iliyotukosa. Yalikuwa mvua ya miaka iliyopita, ambayo Mungu aliiweka akiba katika jiwe ambalo watu waliliita Shetani.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba Shetani hayupo. Kanisa letu lakiri kwamba yupo, na katika ubatizo humkataa yeye na kazi zake zote. Twasema tu kwamba katika nchi ile hakuwa mahali walipomwandika.

Usiku ule tulilala Mtito Andei, na kwa ibada ya jioni tukasoma sura ya 17 ya Kutoka. Tumeihubiri sura hiyo mara nyingi. Mara nyingi tumehubiri juu ya fimbo na juu ya maji, maana ndiyo mambo mazuri yake. Lakini usiku ule kijana aliyekuwa akisoma alifika aya ya nne akasita, akaisoma tena polepole. Nanyi ifungueni. Israeli wamefika Refidimu, hapana maji ya kunywa. Kiu ni ya kweli, hakuna wa kuwalaumu kwa kuona kiu. Walakini kiu yao yatafuta mtu. Wamwambia Musa kwamba ndiye aliyewaleta wafe, wao na watoto wao na mifugo yao. Naye Musa amlilia Bwana, kwa kuwa imebaki kidogo tu wampige kwa mawe.

Mawe, ndugu. Nchi haikuwa na maji, ila mawe ilikuwa nayo tele, na mikono iliyakuta upesi. Mmoja wa wale wazee wetu wawili akainamisha kichwa chake, kwa maana nyumba yake iko hatua mia tu toka nyumba ya bati lililopigwa, naye alisikia usiku ule, akavuta blanketi. Sisi twamwelewa. Sisi tulivuta kanzu.

Kisha tazameni Bwana ajibuvyo. Hamwambii Musa ajitetee. Amwambia apite mbele ya watu, akichukua wazee pamoja naye. Wazee wasibaki nyuma, wala wasiseme kwamba mambo haya ni ya ukoo. Naye Bwana asema atasimama huko mbele yake juu ya mwamba. Yaani mahali pale penye kuogofya, penye ukavu, penye jiwe tupu, ndipo alipochagua kusimama. Mtume Paulo, katika sura ya 10 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, atuambia mwamba ule ulikuwa nani: ulikuwa Kristo.

Neno moja zaidi lilitushangaza, nalo ni jina. Baada ya maji kutoka, mahali pale paliitwa Masa na Meriba, maana yake kujaribu na kuteta. Musa hakuupa mwamba jina baya. Jina baya lilitoka katika mwenendo wa watu, likaandikwa ili watoto wao walisome. Sisi hufanya kinyume: moyo wetu ukiogopa, twatafuta jiwe, au mnyama, au jirani mkongwe asiye na mtu wa kumsemea, tukaiandika hofu yetu juu yake kwa jina la Shetani.

Ndipo mzee wa pili akasema. Huyu ni mtu asomaye Biblia kwa bidii, na swali lake halikuwa la kijinga. “Lakini, Mchungaji, je, Eliya hakufunga mvua? Yakobo aandika hivyo katika sura ya tano. Basi mvua yaweza kufungwa na mtu.”

Kukawa kimya. Tulimjibu tulivyoweza. Mvua ile ilikuwa mkononi mwa Bwana, wala si katika chungu cha mtu. Eliya aliomba, na Bwana ndiye aliyezuia, naye alizuia kwa ajili ya dhambi ya mfalme na ya taifa zima. Tena soma sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza: njaa ilipokuwa kali, Ahabu alipomwona Eliya alimwita mtaabishaji wa Israeli. Mfalme hakuuliza habari za madhabahu zake mwenyewe. Alitafuta mtu mmoja. Na Bwana wetu Yesu naye, alipokuwa akiponya, waandishi waliotoka Yerusalemu walisema ana Beelzebuli. Yameandikwa katika sura ya tatu ya Marko. Jina lile lile lililo juu ya kibao, ndilo lililobandikwa juu ya Mwana wa Mungu. Mtu akikuletea jirani yako mwenye jina hilo kifuani, kabla ya kuitika kumbuka ni nani mwingine aliyelivikwa.

Mzee alifikiri sana, kisha akasema kwamba sehemu ya Eliya ameielewa, ya mbwa aliyezikwa angali akiitafakari. Twapenda mtu wa namna hiyo kuliko yule aitikaye upesi.

Yule binti naye akatukumbusha maana ya amri ya nane, ambayo wote huijua kwa moyo kabla ya kipaimara. Katekisimu Ndogo ya Luther haituagizi kutosingizia tu, yatuagiza pia kumtetea jirani, na kumnena vema, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mzuri. Akauliza kwa upole tu, kama aulizaye saa, ni nani aliyemtetea mzee wetu. Hatukuwa na jibu. Tuliwaambia wote, mbele ya wazee na vijana, kwamba katika jambo hili mchungaji wao alitenda dhambi ya kunyamaza. Haikuwa tamu. Chai ilipoa mezani.

Hapa twataka kusema kidogo na ninyi mnaosoma, mlio katika sharika nyingine, maana tumesikia kwamba mwaka ule wa jua mambo kama haya hayakuwa Upare peke yake. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Mbaga mwaka 1908, na mmoja wao, Jakob Dannholz, aliandika kitabu kizima juu ya hofu ya mizimu katika Upare ya Kusini. Tusidhani kwamba aliyaona yote sawasawa, alikuwa mgeni. Walakini hofu aliiona, kwa maana ilikuwako. Huko Mbaga uko mwamba uitwao Malameni, na wazee husimulia kwamba watoto walitolewa hapo ili mizimu itulie, hata katika miaka ya 1930. Fikirini: mwamba haukumwomba mtu mtoto. Hofu ndiyo iliyomwomba, na watu wazima, waliowapenda watoto wao kama sisi tuwapendavyo wetu, walimtoa. Babu zetu walitoka katika hofu ile kwa machozi na kwa Neno. Sisi wajukuu twaweza kuirudia kwa mlango wa nyuma, tukiwa na Biblia kwapani, na tofauti ikawa kwamba hatumpeleki mtu mwambani. Twamrukia zamu yake ya maji tu.

Tuliporudi, siku ya Alhamisi tulikwenda kwa mzee, pamoja na wazee wale wawili na mwinjilisti wa mtaa. Alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua kunde. Bati lake lina mashimo mawili. Alitukaribisha kwa maneno yapasayo, akatuletea vigoda, kisha akaendelea na kunde zake. Tulimwomba radhi. Tulisema tulikosa kwa kunyamaza, wala hatukuitafutia kosa hilo jina zuri.

Alikaa kimya kitambo. Akauliza, “Jumapili zile tatu, mlihubiri nini?”

Tukamwambia, Majilio.

Akasema, “Yaani ya kwamba anakuja.” Hakusema neno lingine juu ya hilo. Wala hakusema kwamba ametusamehe. Alisema atalifikiri, nasi tulipoondoka alitupa kunde kidogo katika kikapu, kwa kuwa ndiyo desturi.

Jumapili iliyofuata tulihubiri sura ile ya Kutoka katika mtaa wake, tukaeleza habari za mawe na za Mzima, na za bati. Nyumba mbili ziliondoka kabla ya sadaka, nazo hazijarudi, twazitembelea. Jumanne wazee walikutana na watu wa mfereji kwenye ndiva, na baada ya maneno mengi zamu yake ikarudishwa, alfajiri ya Ijumaa kama ilivyokuwa zamani. Mahindi yake yalikuwa yamekwisha kufa. Alipanda kunde mahali pake.

Mwezi wa Machi mvua ilinyesha. Ilinyesha Same, ikanyesha Tsavo, na huko mbali ambako hakuna aliyepata kusikia jina la mzee wetu. Kesho yake tulipopita sokoni, mama mmoja wa usharika, mtu mwema, akatupungia mkono kwa furaha akasema, “Mchungaji, mmeona? Mlipompa maji yake, ameifungua!”

Tulimpelekea mzee habari hiyo. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatuomba yule kijana wa mwinjilisti aendelee kulala nyumbani kwake usiku, mpaka masika yaishe, na vuli ijayo pia.